Kalipso ya Mwalimu wa Kiingereza

Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari mjini Lubumbashi, na kwenye barabara yetu, mtaa wa Katuba, hapakuwa na mtu mwingine aliyejua lugha hiyo. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kumsahihisha. Majirani walimletea karatasi za dawa zilizotoka Zambia, barua za ndugu waliofanya kazi Ndola, hata mifuko mitupu ya mbolea. Alizisoma amesimama, akawaambia maana yake, akawarudishia. Alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, na hakuwa na maneno mengi. Mimi ni binti wa fundi cherehani, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema. Baba yangu alimchunguza miezi minane kabla ya kutoa jibu la posa. Mwishoni alisema kwamba Mkatoliki asiyeongea ovyo ana nafuu.

Tulipata mtoto mmoja, binti, na tangu hapo tukaitana Papa na Mama kama watu wote.

Mimi nilifundisha ushonaji katika foyer, yaani ile nyumba ambamo wake wa wafanyakazi wa mgodi walijifunza kupika, kulea na kushona. Tulikuwa na redio juu ya kabati. Wakati ule ilikuwa ikipiga nyimbo za mwimbaji mmoja wa ng'ambo, nyimbo za mapenzi, za taratibu, zenye vinanda vingi nyuma yake. Sikuelewa neno hata moja, lakini sauti yake ilipoanza nilikuwa nikisimamisha mguu kwenye cherehani, na wanawake wote darasani wakafanya vilevile. Jioni moja nilimwambia mume wangu habari hiyo. Alisema, "Ah." Nikadhani yameishia hapo.

Huo ulikuwa wakati maduka ya wageni yalipochukuliwa na kupewa wananchi. Duka la Mgiriki mmoja pale katikati ya mji, lililouza majokofu, redio na santuri, lilipewa bwana mmoja ambaye muziki ulimuumiza kichwa. Aliuza vilivyokuwamo bila kuagiza vingine. Majokofu yakaisha, redio zikaisha, zikabaki santuri. Zile zenye picha ya mtu aliyevaa tai alizificha chini ya meza, kwa sababu tai ilikuwa imekatazwa nchini. Mume wangu, akipita na baiskeli, aliona dirishani santuri yenye jina la mwimbaji wangu. Akaingia, akainunua, akaileta nyumbani imefungwa kwa gazeti.

Nilifungua gazeti. Jina lilikuwa lake, sikatai. Lakini aliyekuwa kwenye picha alikuwa kijana mwembamba, amekaa juu ya pipa, amevaa kofia ya majani na suruali iliyokatwa magotini. Mkononi alikuwa na gita dogo. Miguu ilikuwa mitupu.

"Huyu njo yeye?" nikauliza.

Mume wangu aliitazama picha muda mrefu. "Njo yeye," akasema. "Ile wakati alikuwa hajapata viatu."

Tuliiweka kwenye gramafoni. Hakukuwa na vinanda vingi. Kulikuwa na ngoma, kayamba, gita, na wanaume kadhaa waliokuwa wakiitikia kwa nyuma kama wanasukuma gari lililozimika. Yule kijana aliimba haraka, huku akicheka ndani ya maneno. Upande wa pili ulikuwa hivyo hivyo, isipokuwa wimbo mmoja wa pole pole ambao niliungojea kwa matumaini, kumbe ulikuwa wa kuvuta nyavu. Nyuma ya jalada mume wangu alisoma kwamba hizo ni nyimbo za asili na za kalipso, za visiwani, alizoziimba mwanzoni kabisa, kabla ya umaarufu.

Nilisema ni nzuri. Yeye pia alisema ni nzuri. Hakuna kati yetu aliyeamini, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumvunja mwenzake moyo, tuliipiga kila Jumapili.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuipenda. Sijui ilikuwa Jumapili ya ngapi. Nilikuwa nikichambua mchele, na wimbo wa tatu wa upande wa kwanza ukanikuta mikono inakwenda nao. Nikainua kichwa.

"Papa, hapa anasema nini?"

Mume wangu alikuwa akisahihisha madaftari. Hakugeuka.

"Anasema iko mu mashua. Iko anavuka mayi."

"Anaenda wapi?"

"Ngambo. Mama iko kule ngambo, anamungoya."

"Na yeye anamwambia nini?"

Alisahihisha mistari miwili, kiitikio kikapita. "Hawezi kusema kintu. Anafika, mama anasimama pale, yeye hawezi kufungula kinywa."

"Juu ya nini?"

"Juu amechelewa," mume wangu akasema, akafunga daftari, akachukua lingine.

Nilishangaa kwamba wimbo wenye habari nzito kiasi hicho uimbwe kwa kicheko. Lakini nilijua watu wa mbali wana desturi zao. Kila Jumapili nikawa ninamwomba anieleze tena, na kila mara aliongeza kidogo. Mara moja aliongeza kwamba mama alikuwa na kitambaa cha buluu kichwani. Mara nyingine, kwamba mtoto yule aliandikiwa barua, na barua ilimfikia, lakini hakuondoka siku ileile. Ningemsikiliza kutwa nzima. Katika ndoa yetu yote mpaka hapo hakuwa amenieleza jambo lolote kwa muda mrefu hivyo, ukiacha namna ya kuwasha jiko la mkaa.

Nilihamishia wimbo ule foyer bila kukusudia. Niliunguruma nikishona, wanawake wakaushika. Baada ya wiki mbili darasa zima liliunguruma likishona.

Mkurugenzi wa foyer alikuwa mama mmoja mnene, mwangalifu sana, aliyevaa beji ya Chama hata juu ya aproni. Siku hizo kila mahali pa kazi palitakiwa kuwa na kikundi chake cha kuimba na kucheza kwa ajili ya Chama siku za sikukuu. Kikundi chetu kilikuwa na nyimbo tatu, na tulikuwa tumeziimba zote mbele ya mkuu wa mkoa mara nyingi mpaka yeye mwenyewe akawa anaitikia kabla yetu. Mkurugenzi alisimama mlangoni pa darasa langu, akasikiliza.

"Hii iko wimbo gani?"

Nikamwambia ni wimbo wa mtoto na mama yake, ng'ambo ya maji. Nikampa maana yote kama nilivyopewa nyumbani, kuanzia mashua hadi kitambaa cha buluu. Alifikiri.

"Huyu mama njo nani?"

"Njo mama ya ule muntu."

"Hapana," mkurugenzi akasema. "Huyu mama njo Chama. Andika."

Nikaandika. Sikuwa nimewahi kutunga wimbo, lakini haikuwa kazi ngumu. Mashua ilibaki mashua. Mtoto akawa wananchi. Ile sehemu ya kushindwa kufungua kinywa ilimsumbua mkurugenzi, akaiondoa. Wananchi wetu walifika ng'ambo na kufungua vinywa vyote kwa pamoja. Kiitikio kilikuwa hivi: "Mama iko anangoya ngambo ya mayi, tunakuya, Mama, tunakuya." Tulikicheza kwa hatua tatu kulia na moja kushoto, tumevaa vitambaa vya buluu. Siku ya sikukuu mkuu wa mkoa hakuitikia kabla yetu, kwa kuwa hakuujua, na hilo lilihesabiwa kuwa ushindi. Tukaagizwa kuuimba tena Likasi, na tena Kambove, ambako wachimbaji waliucheza mpaka vumbi likaficha jukwaa.

Mume wangu alikuja kututazama mara ya kwanza tu. Alisimama nyuma kabisa. Nilipomuuliza alionaje, alisema hatua zilikuwa zinakwenda pamoja.

Miezi ikapita, kisha akaja yule mama wa Kasapa.

Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, ambacho kiko huko Kasapa, mwanamke wa makamo, mweusi kama sisi, mzaliwa wa kisiwa kimoja cha Karibi ambako wanaongea Kiingereza. Alikuwa ameletwa kufundisha, na alikuwa amekuja na masanduku mawili ya suruali. Kwetu suruali kwa mwanamke zilikuwa zimekatazwa. Basi akaelekezwa foyer, kwangu, na vitenge vitano mkononi. Alizungumza Kifaransa chepesi, cha kuimbaimba. Nilikuwa nimepiga magoti nikimpima urefu wa sketi, wakati wanawake kwenye chumba cha pili walipoanza mazoezi.

Nilihisi kiuno chake kinatetemeka. Nilidhani nimemchoma pini. Nilipoinua macho nikaona anacheka, amejifunika mdomo, machozi yanamtoka.

"Samahani," akasema. "Wameupata wapi huo?"

Nikamwambia wimbo wa asili tumeutoa kwenye santuri, na kwamba unahusu mtu na mama yake. Alinitazama kuona kama ninafanya mzaha. Kisha akaeleza, taratibu, kwa heshima, huku akijizuia.

Wimbo ulihusu meno. Bwana mmoja alikuwa amewekewa meno ya bandia, mapya, kwa ajili ya kwenda kuoa kisiwa cha pili. Ndani ya mashua alicheka mno, meno yakaanguka baharini. Ng'ambo alikuwa akingojewa na mama mkwe, na bwana huyo alishindwa kufungua kinywa hadharani, mpaka watu wakasema binti anaolewa na bubu. Kiitikio kilikuwa kinawaomba wavuvi, kila wamvuapo samaki mkubwa, wamtazame kinywani.

"Nyumbani tuliuimba tukiwa watoto," akasema. "Na wimbo wenu unahusu nini?"

"Chama," nikamjibu.

Alikubali kwa kichwa. Nikaendelea kuweka pini.

Sikumwambia mkurugenzi. Sikuwaambia wanawake, kwa sababu tulikuwa tumeitwa kuimba tena mwezi uliofuata, na si rahisi kucheza hatua tatu kulia ukiwa unawaza meno. Jambo lililonitesa lilikuwa moja. Mume wangu, ambaye Katuba nzima ilimletea karatasi zake, hakujua Kiingereza. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Nilipomwona akisoma karatasi ya dawa kwa jirani, nilianza kuogopa kwa ajili ya jirani. Nilimhurumia pia. Nikaapa moyoni kwamba hatasikia habari hiyo kutoka kwangu.

Lakini mhadhiri alikuwa na magauni manne yaliyobaki, na foyer ilifungwa kwa likizo yake fupi. Ikabidi aje kujaribu nyumbani. Nilimpangia saa tisa mchana, saa ambayo mume wangu huwa shuleni. Santuri niliitia chini ya godoro la mtoto.

Mume wangu alirudi saa tisa na robo. Mwalimu mwenzake alikuwa ameomba kubadilishana zamu. Alimkuta mgeni katikati ya sebule, ana mkono mmoja tu wa gauni. Walisalimiana kwa Kiingereza. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza watoto wakivuka barabara. Mume wangu alisema sentensi ndefu, polepole, kila neno limesimama peke yake. Mgeni akajibu. Mume wangu akasema nyingine. Mgeni akacheka, kicheko kizuri, cha kukubali. Wakaendelea hivyo kama dakika kumi, nami nimeshika mkasi.

Kisha mume wangu akatazama mahali santuri ilipokuwa ikikaa.

"Mama, disiki iko wapi?"

"Sijui."

Aliingia chumbani, akarudi nayo. Sijui alijuaje. Aliiweka, akaipeleka sindano moja kwa moja kwenye wimbo wa tatu. Tukasikiliza wote watatu tumesimama. Ulipokwisha, akamgeukia mgeni, na safari hii aliongea Kifaransa, nadhani ili nami nielewe, akimwita situayene, yaani mwananchi, kama ilivyotakiwa siku hizo.

"Situayene, wewe ni mtu wa kule. Wimbo huu unasema nini?"

Mhadhiri alinitazama. Nami nikatazama gauni.

"Unasema," akaanza, akipima kila neno, "kwamba mtu anavuka maji. Ng'ambo kuna mama anamngojea. Naye akifika, hawezi kufungua kinywa."

"Asante," mume wangu akasema. "Ndivyo nilivyomwambia mke wangu."

Mgeni alimaliza kujaribu, akanywa chai, akaenda zake. Nilimsindikiza mpaka barabara kubwa, nikampa mkono. Aliniuliza tu kama mikono ya gauni itakuwa tayari Alhamisi.

Niliporudi, mume wangu alikuwa ameketi, ameshika jalada lenye picha ya kijana asiye na viatu.

"Ule situayene iko muntu muzuri," akasema. "Amenihurumia."

Nikaanza kuokota pini sakafuni.

"Iko meno, Mama. Tangu siku ya kwanza nilisikia. Ile neno ya meno, katika Kiingereza, ikiwa moya inasemwa hivi, ikiwa mingi inageuka katikati. Miaka saba sasa, kila mwaka ninaiandika ku ubao. Nitakosa kuisikia namna gani?"

Nilikaa chini. Kwanza nilipata nafuu kwa ajili ya jirani na dawa zake. Kisha nikauliza.

"Sasa ule mama na kitambaa ya buluu, ulimutoa wapi?"

Binti yetu aliamka chumbani, akalia kidogo, akalala tena. Mume wangu akasema kwamba alipokuwa mwanafunzi wa mwisho wa ualimu hapa Lubumbashi, dada yake alimwandikia kutoka Kasai kwamba mama yao anaumwa na anamuulizia. Barua ilifika wiki moja kabla ya mtihani. Alipiga hesabu ya siku: nne za kwenda, nne za kurudi. Akaamua kufanya mtihani kwanza. Aliufaulu, akawa wa pili katika darasa lote. Siku ya matokeo akapata barua ya pili.

"Nilikuwa mbioni kuenda kwa matanga," akasema. "Nilipanga bintu yangu. Halafu nikawaza: nitafika, batanitazama, nitasema nini? Nikapangua."

"Na dada yako?"

"Aliandika tena mara tatu. Sikujibu. Kisha akaacha."

Nilikuwa nimeolewa naye mwaka wa nne, na alikuwa ameniambia kwamba hana ndugu aliye hai.

Ningeweza kukasirika. Kwetu Waislamu wa mtaa wa Kamalondo, uongo wa namna hiyo kabla ya ndoa ungekusanya wazee. Lakini sauti yake ilikuwa ileile aliyoitumia Jumapili zote zile, na nikatambua kwamba alikuwa amenieleza jambo hili kwa karibu mwaka mzima, mbele ya gramafoni, nami nikalipeleka kwenye sikukuu na kulichezea. Nikamwuliza kwa nini hakunizuia tulipoligeuza kuwa la Chama.

"Ilikuwa inapendeza," akasema. "Na ninyi mulikuwa bengi. Nikaona mama amepata bantu ya kumwimbia."

Hapo ndipo nilipolia. Yeye alinipa leso yake na akaenda kuwasha jiko.

Likizo ndefu ilipofika tulipanda treni, sisi watatu, na kapu la mikate na samaki wakavu. Treni ilisimama popote ilipotaka. Siku ya tano tulishuka Mwene-Ditu, tukapata lori la mahindi, na mchana wa siku iliyofuata tukafika kwao. Mume wangu hakuwa amezungumza tangu asubuhi. Dada yake alikuwa uani anatwanga. Alikuwa mrefu kama yeye, na uso uleule. Aliacha mchi hewani, akatutazama, akaumalizia kushuka, akatwanga tena mara kama kumi. Kisha akaweka mchi ukutani na kuniambia kwa Kiswahili, kwa kuwa aliwahi kuolewa Kambove:

"Mutoto ananyonya bado?"

"Ananyonya, dada."

"Basi ikala," akasema, akanisogezea kigoda. "Wewe unachoka."

Kwa mdogo wake hakusema neno mpaka jioni. Aliongozana naye kwenda kaburini bila kumwita; alitoka tu, naye akamfuata. Mimi nilibaki na mtoto. Walirudi giza linaingia, mume wangu ana udongo magotini. Nilimwuliza dada alisema nini.

"Alisema hakukasirika juu ya matanga," akasema. "Alikasirika juu ya zile barua tatu. Kila moya alimulipa muntu ya kuiandika, na yule muntu alisoma ku kijiji mambo yote."

Tulikaa siku kumi. Mume wangu alitengeneza paa la dada yake, vibaya, na majirani wakalitengeneza upya alipokuwa amelala. Siku ya kuondoka, tulipofika kwenye lori, tulimkuta dada amekwisha kaa juu ya magunia, na kifurushi chake, sufuria mbili na kuku mmoja. Alisema anakuja kutazama nyumba yetu kwa wiki mbili.

Alikaa miaka kumi na moja. Aliona kwamba ninatia chumvi nyingi na kwamba binti yangu anavalishwa nguo nyembamba, na aliniambia yote mawili kila siku. Siku za kwanza tuligombana asubuhi na jioni, baadaye jioni tu. Alijiunga na foyer bila kuniuliza, akawa fundi mzuri wa vifungo kuliko mimi, na mwaka wa nne nikamzoea.